Sindano ya Mashine ya Kufulia

Mashine ya kufulia iliingia kwetu Temeke juu ya mkokoteni, imefungwa kwa kamba za katani kama ng'ombe anayepelekwa machinjoni. Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tangu niolewe. Mume wangu alikuja akitembea kando yake tangu barabara ya Pugu, mkono mmoja umeshika ubavu wa lile pipa jeupe, na watu walisimama wakimtazama yeye kuliko walivyoitazama mashine, maana alivyokuwa akicheka ungedhani ndiyo kwanza anaoa.

Alikuwa fundi katika karakana moja ya magari mjini. Mzungu mmoja aliyesimamia shamba la mkonge huko mbele ya Gongo la Mboto alikuwa anarudi kwao, na vitu vyake vingine vilikuwa vinatupwa. Mashine ilikuwa imekufa zamani. Mpishi wake alikuwa anawekea ndani yake mahindi ya kuku. Mume wangu akaiomba, akapewa.

Mitaani kwetu hakukuwa na umeme wakati ule, na mashine yenyewe haikuhitaji umeme. Chini ya pipa ilikuwa na injini ndogo ya petroli, unaiwasha kwa kuipiga teke kama pikipiki. Juu ilikuwa na rola mbili za mpira za kukamulia nguo. Ndani ya pipa mlisimama kitu kama mwiko mkubwa wenye mapezi, na mume wangu alikizungusha kwa mkono ili nione.

"Hiki kinapekecha nguo," aliniambia. "Wewe unakaa kitini. Kushuka bondeni kufua tumeagana nako."

Nilisema ahsante. Nilipiga magoti nikamwambia ahsante, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa, na kwa sababu alikuwa mtu mwema. Hilo nalisema mapema ili lisisahaulike. Hakuwahi kuninyanyulia mkono. Samaki akinunua, kipande cha kati kilikuwa changu. Alikuwa amenizidi miaka kumi na mitano, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba mke anayependwa haonekani onekani njiani.

Mimi nilitoka kusini, upande wa Lindi, nyumbani kwetu tulilima. Nilikuwa nimezoea kutembea. Nilipoletwa Temeke nilikuta nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, aliyoirithi kwa mjomba wake, na uani umezungushiwa makuti marefu kuliko ya majirani wote. Maji yalikuja kwa mzee mmoja mwenye mkokoteni wa mapipa. Sokoni alikwenda mwenyewe. Nilichobakiwa nacho ni kufua. Karibu na kwetu kulikuwa na kijito kilichopita bondeni kati ya mikorosho, na Jumatatu na Alhamisi wanawake wa mtaa walishuka na mabeseni yao kichwani. Hapo ndipo nilipokuwa nacheka. Hapo ndipo nilipompata shoga yangu, mwanamke wa Kingoni, mnene, mwenye sauti ya kiume, aliyekuwa akinifundisha kusema Kiswahili cha mjini na kunisimulia nani kaachwa na nani kaolewa. Jumanne mimi nilikuwa nikiishi kwa maneno ya Jumatatu. Jumatano nilikuwa nikingojea kesho yake.

Kwa hiyo alipoweka mashine ile katikati ya uani, nilianza kuitazama kama mtu anavyomtazama mke mwenza.

Kila Jumamosi mchana na Jumapili nzima alikaa nayo. Alitandika gunia, akavaa kaptula yake ya kazini, akafungua kimoja kimoja. Tangi lilikuwa na kutu. Plagi ilikuwa imeziba kwa masizi. Alinikalisha karibu yake, akinielezea. Hakuwa na mwingine wa kumweleza, nami sikuwa na pa kwenda. Alinionyesha kabureta, kitu kidogo kama kikombe, akaniambia petroli inaingia humu, inapanda, inanyanyua boya hili la shaba, na boya linaisukuma sindano hii juu, sindano inaziba tundu. Petroli ikishuka, sindano inashuka, tundu linafunguka.

"Isipokuwepo sindano?" nikamwuliza.

"Petroli itamwagika yote. Hii ndiyo mlango wake."

Ilikuwa fupi, ya chuma, imechongoka upande mmoja, kama msumari wa kiatu. Aliiosha, akaiweka juu ya gunia pamoja na vyuma vingine vilivyopangwa kwa safu. Ilikuwa Jumamosi. Adhana ya alasiri ikaita. Akanawa, akaniambia, "Angalia kuku wasikanyage," akaenda msikitini.

Sikuwaangalia vizuri. Kuku mmoja mweusi alipita, akaparua, na vitu viwili vitatu vikarukia mchangani. Nikamfukuza, nikainama kuviokota. Parafujo nikairudisha. Kipete nikakirudisha. Sindano nilikuwa nayo mkononi niliposikia mlango wa mbele na sauti yake ukumbini, amerudi na jirani aliyekutana naye msikitini.

"Juzi Alhamisi ilikuwa ya mwisho," alikuwa akimwambia. "Kuanzia wiki ijayo mke wangu hatoki tena kwenda kuinama mtoni mbele ya watu. Ataoga, atakaa, mashine itafua."

"Umemfanyia jambo kubwa," jirani akajibu.

Nikafumba mkono. Sikupanga. Mpaka leo naweza kuapa kwamba sikupanga. Mkono ulijifumba wenyewe. Nikaingia chumbani, nikafungua kikopo changu cha wanja, nikaitia humo. Ilikaa vizuri kabisa, ungedhani ni kijiti cha kupakia.

Aliporudi kwenye gunia alihesabu vyuma vyake. Akahesabu tena. Akaniuliza, "Kuku walipita?"

"Alipita mmoja."

Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonifunga. Laiti ningesema uongo mtupu ningeweza kuukana kesho. Nilisema kweli nusu, na ile nusu nyingine ikabaki kwenye kikopo.

Alimtafuta yule kuku, akamchinja, akapasua firigisi, akachambua punje za mtama na vijiwe kwa ncha ya kisu. Hakukuwa na kitu. Tulimla kwa wali. Alinitilia paja kwenye sahani yangu, nami nilitafuna muda mrefu.

Kesho yake alichukua chekeche langu la unga. Aligawa uani kwa mistari ya kijiti, kisanduku baada ya kisanduku, akachekecha mchanga wote. Nilimsaidia. Nilimmiminia mchanga kwa kifuu, yeye anatikisa, tunatazama pamoja kinachobaki: vipande vya makaa, ganda la dagaa, kifungo cha shati kilichopotea zamani. Jua lilitupiga mpaka alasiri. Wakati mmoja aliacha kuchekecha, akajifuta uso, akanitazama kwa huruma.

"Nisamehe, mke wangu," akasema. "Nilikuahidi, na sasa nakuchelewesha."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilitamani pia asiipate. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu kwa wakati mmoja, nami nikamiminia kifuu kingine.

Jumatatu nikashuka bondeni. Sikuwa na raha. Shoga yangu aliniuliza, "Vipi, mashine imepona?" Wanawake wakacheka. Nilipokuwa nimebaki naye peke yake tunakamua shuka, yeye ameshika huku mimi nimeshika kule, nikamwambia. Nilimwambia yote, na sikujua kwa nini, labda kwa sababu shuka lilikuwa linasokotwa na mimi pia nilikuwa nasokotwa.

Alilisokota shuka mara moja zaidi. Kisha akasema, "Usiirudishe."

"Anateseka."

"Ateseke. Wewe ukiirudisha utateseka miaka yote. Yeye atateseka Jumapili mbili tatu, halafu ataitupa mashine, basi."

Ilinifariji mpaka nilipofika nyumbani. Nilipofika nikaona kwamba sasa watu wawili wanajua, na kila nikishuka bondeni nitalazimika kuutazama uso wa mtu anayejua. Mahali pangu pa kupumulia napo nikapaziba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mume wangu hakuitupa mashine. Alileta spoku ya baiskeli kutoka karakana, na tupa ndogo, akaanza kuchonga sindano yake mwenyewe. Alichonga ya kwanza ikavunjika. Ya pili ilikuwa nene. Jioni baada ya kazi alikaa mlangoni pa uani kabla mwanga haujaisha, ameibana spoku kwa koleo, tupa inalia kriii, kriii, nami napika nikiwa nimempa mgongo. Meno yaliniuma kwa ule mlio. Kitu chenyewe kilikuwa hatua saba kutoka alipoketi.

Ya nne ndiyo aliyoitia. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Nguo zilikuwa pipani, maji na sabuni tayari, maana alitaka nione kazi tangu mwanzo. Alitia petroli. Nikaona chini ya kabureta tone linaning'inia, likadondoka, likafuata jingine.

"Inavuja," nikasema.

"Itakaa. Ikipata moto itakaa."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kati ya maneno yake na teke la kwanza aliinama kufunga kamba ya kiatu. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Teke la kwanza halikufanya kitu. La pili injini ilikohoa. La tatu ikatoa mlio kama bunduki, na moto ukaruka kutoka chini ya pipa ukashika mkono wake wa kulia, ule uliokuwa umeshika kabureta kuizuia isitikisike. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilichota shuka lililolowa ndani ya pipa, na maji yake yote na sabuni, nikamrukia nalo, nikaufunga mkono, nikamwangusha chini. Majirani walivunja ua wa makuti kuingia. Wanaume wakatupia mchanga injini mpaka moto ukafa, mchanga uleule tuliouchekecha.

Alirudi kutoka hospitali mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Alikaa nyumbani majuma mengi. Nikawa namlisha. Nilikuwa namega ugali, nachovya kwenye mchuzi, namtia mdomoni, naye anafungua mdomo kama mtoto, macho ameyaelekeza pembeni kwa aibu. Watu walikuja kumjulia hali. Kila aliyekuja, mume wangu alimweleza jambo lilelile.

"Kosa langu mwenyewe. Spoku niliikata fupi. Mke wangu alinionya kwamba inavuja, sikumsikia. Kama si yeye na lile shuka, ningeungua uso."

Wakinisifu, mimi nimekaa kizingitini nimejifunika kanga. Siku ya nne alikuja mama yake kutoka Kisarawe. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu kwa ajili ya kumwokoa mwanawe. Ile dua ndiyo iliyonishinda. Mkwe wangu alipokwisha kuondoka, nilikwenda chumbani, nikarudi na kikopo cha wanja, nikapiga magoti mbele ya mkeka wake, nikakikung'uta. Sindano ilianguka mkekani, nyeusi kwa wanja.

Aliitazama. Aliiokota kwa mkono wa kushoto, akaifuta kwenye shuka, akaipeleka kwenye mwanga.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye wanja."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kuku."

Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa talaka, kwa lori la kunirudisha Lindi. Nje muuza maji alipita akipiga debe lake.

"Uliniona nikichekecha mchanga," akasema.

"Nilikuona."

"Ulinimiminia."

"Ndiyo."

"Ulitaka nini, mwenzangu? Nilikunyima nini?"

Nikamwambia. Nilisema vibaya, kwa kulia, kwa maneno ya kwetu na ya mjini yamechanganyika. Nilimwambia kwamba nikikaa ndani siku nzima nasikia damu inazunguka masikioni. Nilimwambia namjua kila mjusi wa dari kwa mkia wake. Nilimwambia bondeni ndiko pekee ninakoitwa kwa sauti kubwa na watu wanaofurahi kuniona. Alisikiliza. Nadhani hakuelewa, uso wake ulikuwa wa mtu anayeelezwa ubaya wa chakula alichokipika kwa mapenzi.

"Basi ungesema," alisema mwishowe.

"Ningesema ungeniruhusu?"

Aliigeuza sindano kiganjani. Alikuwa mkweli mno, asingeweza kuniambia ndiyo.

Kwa siku sita hatukuzungumza ila kwa lazima. Nyumba ya vyumba viwili, mtu mmoja hawezi kutoka kwa sababu ya mkono, mwingine hawezi kwa sababu ya aibu. Nilimlisha kimya. Alifungua mdomo kimya. Nguo chafu zilijaa kapu, na sikuthubutu kuomba kushuka bondeni, wala yeye hakunituma. Siku ya saba, Jumapili, aliniita kutoka uani.

"Leta gunia. Na bisibisi ile fupi."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine iliyoungua rangi ubavu mmoja.

"Nitakuambia," akasema, "wewe utafanya."

Nikafanya. Nilifungua kabureta, nikatoa ile spoku yake, nikasafisha mchanga kwa petroli na unyoya wa kuku. Nikirudia kosa alisema "Hapana" tu, sauti ya chini, na kungoja. Alipoona nimeshika sindano halisi kwa vidole viwili, akageuza uso. Niliitia. Ilizama mahali pake bila kulazimishwa. Nikaweka boya, nikafunga kifuniko, nikatia petroli. Tukatazama chini wote wawili. Halikudondoka tone.

"Piga teke."

Nilikaza kanga kiunoni nikapiga. Mara nne, mara tano. Nguo ilinipanda hadi magotini na hakusema neno. Mara ya sita injini ikashika. Uani ukajaa moshi na kishindo, makuti yakatetemeka, kuku wakakimbilia ukumbini, na ule mwiko mkubwa ukaanza kupekecha maji. Nililia. Mume wangu alidhani ni furaha, au alichagua kudhani hivyo.

"Umeitengeneza wewe," alipaaza sauti juu ya kelele.

Ndivyo nilivyojifungia mlango kwa mikono yangu. Mashine ilifua. Jumatatu na Alhamisi nilisimama nayo uani, nimeziba pua kwa ncha ya mtandio, na injini ilipozimika nilisikia wanawake wanapandisha kutoka bondeni wakizungumza, sauti zao zikipita nyuma ya makuti na kupotea. Kilichozidi ni kwamba vidole viwili vya mkono wake, cha kati na cha pete, havikukunjika tena. Karakana walimweka kwenye stoo ya kugawa vifaa. Chuma kidogo hakuweza kukishika. Mashine ilipoharibika, mimi ndiye niliyeitengeneza: plagi, mkanda, rola iliyopasuka. Kila mara nilipoketi kwenye gunia nilijua kwamba naweza kuacha. Hakuna ambaye angejua. Nikiangalia vidole vyake vimesimama wima juu ya goti, natengeneza.

Mwaka ukapita hivyo. Nilipokuwa na mimba ya miezi mitatu, mkanda ulikatika, naye akaleta mwingine kutoka mjini. Nilikaa mbele ya mashine nikiwa na mkanda mapajani, sikuufunga.

"Nitafunga," nikamwambia, "lakini Alhamisi nataka kushuka bondeni. Hata kama sina nguo."

"Kufanya nini bila nguo?"

"Kukaa."

Alifikiri. Alijikuna kidevu kwa mkono mbovu. "Alhamisi moja moja," akasema. "Na urudi kabla ya adhuhuri."

Nilishuka Alhamisi iliyofuata nikiwa na beseni tupu ili nisionekane wa ajabu. Shoga yangu hakuwepo. Walikuwa wamehamia Songea yeye na mumewe, miezi mingi iliyopita, na hakukuwa na aliyenipa habari kwa sababu hakukuwa na anayeingia kwetu. Wengine walinisogezea jiwe la kukalia kwa adabu, kama mgeni. Maneno yao yalikuwa yametangulia mbele, yana watu nisiowajua. Mmoja aliniita mke wa mashine, wakacheka, nami nikacheka nyuma yao kidogo. Nilikaa saa nzima. Nilipanda kurudi mapema kuliko nilivyoruhusiwa.

Nikawa nashuka hata hivyo, Alhamisi moja moja, mpaka tumbo liliponizuia. Katika moja ya Alhamisi hizo, mama mmoja mjane mwenye kuuza maandazi alinisikia nikieleza habari ya kabureta, akaniuliza kama naweza kulitazama jiko lake la mafuta ya taa, la kupampu, limegoma kupanda moto na mafundi wanalichezea tu. Nilimwambia nitamwuliza mume wangu. Nilimwuliza. Alikataa usiku ule. Asubuhi, akiwa anavaa shati, alisema tutakwenda pamoja.

Tulikwenda Jumapili, yeye mbele, mimi nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia nyumba ya mtu Temeke isiyo ya ndugu zake. Mjane alinikaribisha ndani hadi jikoni, na mume wangu akabaki barazani. Jiko lilikuwa na tundu lililoziba, kitu cha kitoto. Nilikaa chini nikaomba sindano nyembamba ya kushonea. Mjane alikuwa anazungumza bila kupumzika, habari za wanawe, za unga kuwa mbaya siku hizi, ananisogezea andazi la moto. Mume wangu alikohoa huko barazani, kikohozi cha kunikumbusha. Nikamjibu, "Bado kidogo," nikaendelea kuzibua tundu polepole.